Soksi ya paja: inashika nyama, haiungi msuli

Kila mwaka Februari inapokaribia kwisha, watu wa Moshi na Arusha wakijifua kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, soksi za paja hununuliwa kwa pupa. Mnunuzi mara nyingi ni mtu ambaye nyuma ya paja kumeshamvuta. Alikuwa kwenye mbio za kasi, akasikia kama amepigwa jiwe kwa nyuma, akageuka asione mtu. Anaingia duka la vifaa vya michezo au duka la dawa, anaeleza kwamba mshipa umevutika, anatoka na soksi na ahadi kwamba wiki ijayo atakuwa barabarani.

Tunaipima hapa soksi hiyo kama kifaa: inafika wapi, inasaidia nini, na wapi inamwangusha aliyeivaa. Hukumu tunaitanguliza. Ile ya kufuma, isiyo na mikanda, ni nzuri kwa mtu anayerudi mazoezini. Tunaipa alama 4 kati ya 5. Ile nene ya neoprini, aina ya mpira laini, yenye mkanda wa kunata tunaipa 2. Kwa siku 3 za mwanzo baada ya kuumia, zote mbili zinashindwa na bandeji ya kawaida ya kuvutika, ambayo ni rahisi kuliko zote. Na katika hizo tatu, hakuna hata moja inayoupa msuli nguvu.

Sababu utaipata kwa mkono wako mwenyewe. Kaa kwenye kiti, goti limekunjwa pembe mraba, unyayo wote uko sakafuni. Weka vidole nyuma ya goti, kisha gandamiza kisigino chini kana kwamba unataka kukiburuta kiingie uvunguni mwa kiti. Upande wa nje itachomoza kano moja nene kama kamba ya katani: hiyo ni ya bisepsi femori. Upande wa ndani ziko mbili. Ile nyembamba, ngumu, inayoshikika kirahisi, ni ya semitendinosi. Chini yake, pana na inayoteleza vidoleni, ni ya semimembranosi. Hiyo ndiyo misuli mitatu ambayo watu huitaja kama mmoja, msuli wa nyuma ya paja. Usiache kugandamiza, geuza vidole vya mguu nje, utasikia kano ya nje inakaza zaidi. Vigeuze ndani, zamu inakuwa ya zile mbili. Goti likiwa limekunjwa, misuli hii ndiyo inayozungusha muundi.

Sasa ifuate kwenda juu. Inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaokuuma ukikaa muda mrefu kwenye benchi la mbao. Kinachojitenga ni kichwa kifupi cha bisepsi femori: hicho huanzia nyuma ya mfupa wa paja wenyewe, kwa hiyo hakigusi nyonga kabisa. Kwa chini, bisepsi femori inashika kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje wa mguu, semitendinosi inazunguka na kushika muundi upande wa ndani kwa mbele, chini kidogo ya goti, na semimembranosi inashika muundi huohuo kwa nyuma. Ukiacha kile kichwa kifupi, misuli yote inavuka viungo viwili, nyonga na goti. Inakuinua unapotoka kuinama, na inakukunja goti. Mama anayepalilia mahindi akiwa ameinama na magoti yamenyooka, misuli hii imevutwa juu na chini kwa wakati mmoja tangu asubuhi, na jioni akisema nyuma ya mapaja panawaka, anasema kweli tupu.

Ilinganishe soksi na ramani hiyo. Nyingi huanzia kama vidole vinne juu ya goti na kuishia chini ya kalio. Inafunika tumbo la msuli. Mfupa wa kukalia haiufikii, na goti haivuki. Kwa mkimbiaji, panapochanika mara nyingi ni kwenye kichwa kirefu cha bisepsi femori, pale nyama inapoungana na kano. Soksi ndefu iliyokaa vizuri inaweza kupafunika. Lakini yule aliyeumia kwa kurusha mguu juu, mcheza karate, mcheza ngoma, au golikipa aliyejikuta amefanya msamba, kwa kawaida huumia semimembranosi karibu kabisa na mfupa wa kukalia. Huyo soksi itambana mahali pasipouma. Jeraha lake hata kupona huchukua muda mrefu zaidi, ingawa siku ya kwanza linaonekana dogo.

Na nini hasa huuchana msuli wa mkimbiaji? Mguu ukiwa hewani mbele, kabla tu haujakanyaga, nyonga imekunjwa na goti linanyooka kwa kasi. Msuli unavutwa kutoka ncha zote mbili, na papo hapo unatakiwa kuukamata muundi usirushwe mbele. Ni breki, na breki hiyo inafanya kazi huku ikirefuka. Kasi ikipanda, mzigo wake unapanda sana. Ndiyo maana wanaoumia ni watu wa mita 100, mawinga wa mpira, na wakimbiaji wa masafa wanapofyatuka mwishoni. Septemba 2025 huko Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kilomita 42. Mita za mwisho namna ile huamuliwa na nyama za nyuma ya paja ambazo bado zinaweza kufunga breki zikiwa zimechoka. Kitambaa unachokivuta kwa vidole viwili hakiwezi kuzuia mguu mzima unaorushwa mbele.

Basi soksi inafanya nini? Inapunguza kutikisika kwa nyama, inahifadhi joto, inabana uvimbe uliobaki, na inampa mvaaji hisia ya wapi paja lake lilipo, jambo linalompa ujasiri wa kukanyaga. Hizo ni faida za kweli na hatuzidharau. Tatizo ni kwamba maumivu yanapungua kabla msuli haujapata nguvu, na mtu anaongeza kasi kwa kuamini maumivu.

Tuanze na ile ya neoprini. Ni mpira wenye vitundu vya hewa ndani, mnene wa milimita 3 hadi 5, umebandikwa kitambaa pande mbili. Kazi inayoifanya vizuri ni kushika joto. Asubuhi ya Julai pale Arusha, kabla jua halijapanda, ukiivaa wakati wa kupasha misuli moto utaona tofauti. Ipeleke Moshi mwezi Februari, mambo yanageuka. Jasho halina pa kutokea, soksi inateleza kwenda chini, ukingo wake wa chini unajikunja na kuwa kama mpira wa kufungia pesa unaokata nyuma ya goti. Ngozi inatoka vipele, na kuna watu ambao gundi au mpira wenyewe unawakataa kabisa. Mkanda wa kunata nao unavuta nyuzi za bukta, unajaa vumbi, na baada ya muda haushiki tena. Ukiamua kuinunua hata hivyo, funga mkanda kabla ya kuifua, ifue kwa mkono na maji ya kawaida, ianike kivulini. Jua kali hukausha neoprini ikaanza kupasuka kwenye mishono.

Kosa kubwa zaidi la aina hii linatoka kwa mvaaji: mkanda unamshawishi akaze. Akiona maumivu, anakaza zaidi. Mguu ukianza ganzi, ukiwa wa baridi, au kifundo kikivimba, legeza hapohapo. Kuna kipimo chepesi: minya ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka uwe mweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa kuliko ya mguu wa pili, umebana kupita kiasi.

Ile ya kufuma ni nailoni iliyochanganywa na spandeksi, ina utepe wa silikoni kwa juu unaoizuia isishuke. Inapitisha hewa, haina cha kukaza, inavalika chini ya suruali ya kazi. Udhaifu wake ni huo utepe: ukipaka mafuta paja, silikoni haishiki, soksi inashuka kila baada ya hatua chache. Na hapa tuseme jambo linaloumiza watu wengi bila sababu. Usipake dawa ya kuchua yenye ukali, zile zinazowaka, kisha ukavaa soksi juu yake. Ikifunikwa, dawa hiyo inapenya zaidi na joto linaongezeka, na ngozi inaweza kubabuka. Chagua kimoja.

Saizi ndiyo inayoamua kama pesa yako imekwenda mahali pake. Herufi S, M na L hazifanani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, hivyo ziache. Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani, simama bila kukaza nyama, pima mzingo wa paja sentimeta 15 juu ya kikombe cha goti, kisha soma jedwali lililo kwenye pakiti. Pima mguu mzima, usipime ulioumia. Ulioumia umevimba na utakudanganya. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Ikishavaliwa, vidole viwili vipenye kwenye ukingo wa juu bila kulazimisha. Chuchumaa mara 10, panda ngazi, uone kama ukingo wa chini umejikunja. Kwa wanaonunua za mitumba: ivute soksi kwa mikono miwili karibu na sikio, kisha iachie. Spandeksi iliyokufa hutoa mlio wa kukatikakatika kama nyuzi kavu, na soksi hairudi kwenye upana wake. Hiyo iache hata ukipewa bure.

Turudi kwenye zile siku 3 za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi huharibikia. Mishipa midogo ya damu ndani ya nyama bado inavuja. Kinachohitajika ni bandeji ya kuvutika yenye upana wa sentimeta 15 (ya sentimeta 10 inajikunja na kukata). Anzia juu kidogo ya goti, panda kuelekea kalio, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na uivute kama nusu tu ya uwezo wake wa kuvutika. Ukianzia juu kwenda chini, uvimbe unasukumwa gotini. Usiku ilegeze au uitoe. Faida yake juu ya soksi ni kwamba unaifunga upya kadiri uvimbe unavyobadilika, wakati soksi uliyoilazimisha kupita kwenye paja lililovimba inauma wakati wa kuvaa na wakati wa kuvua.

Barafu ya mfuko kutoka dukani kwa Mangi inatosha. Izungushie kitambaa, iweke dakika 10 hadi 15, rudia baada ya saa 2 au 3. Barafu tupu juu ya ngozi inaunguza. Maji ya moto, pombe, na kuchuliwa kwa nguvu viache kabisa siku hizo. Tunajua kuchua ni desturi, na mchuaji mzuri ana nafasi yake baadaye, lakini kukandamiza nyama inayovuja damu kunaongeza kuvuja, na damu nyingi iliyovilia ndani ya msuli wakati mwingine hugeuka kuwa mfupa. Kujinyoosha mguu mpaka uume nako ni kuufungua upya mchaniko. Siku ya pili au ya nne weusi ukishuka nyuma ya goti, usishtuke: damu imefuata mteremko, jeraha halijasambaa.

Kuna ambao hawapaswi hata kufikiria soksi. Uliyesikia mlio wa kukatika, ukashindwa kukanyaga, ukaona weusi mkubwa au ukagusa shimo juu ya paja, huenda kano imebanduka kutoka kwenye mfupa. Nenda hospitali siku hiyohiyo; ikihitajika upasuaji, ni rahisi zaidi wiki za mwanzo kabla kano haijajikunja na kushikamana na nyama za jirani. Kijana aliye kwenye umri wa kukua, wa sekondari tuseme, apigwe eksirei, kwa sababu kwa umri huo kipande cha mfupa huweza kung'oka kabla kano haijachanika. Na mwenye maumivu yaliyoanza bila tukio lolote, yanayoshuka hadi unyayoni, yenye ganzi, yanayozidi akikohoa, huyo tatizo lake mara nyingi liko kwenye mgongo na neva ya sayatiki, ile inayoshuka kutoka mgongoni hadi mguuni. Tumeona watu wa aina hiyo wakibadilisha soksi tatu. Moshi ina bahati ya kuwa na hospitali ya KCMC, ambako wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hufundishwa na kutibu. Aliye Arusha naye asiombe dawa kwa muuza soksi.

Mchaniko mdogo huchukua wiki 1 hadi 3, wa kati wiki 4 hadi 8, na wa kukatika kabisa miezi. Muda huo wote, kitu kinachorudisha msuli ni mzigo, na vifaa vyake viko nyumbani. Ukiweza kutembea bila kuchechemea, lala chali, magoti yamekunjwa, inua nyonga: mara 10, mizunguko 3. Kila siku chache sogeza visigino mbali zaidi na makalio, maana hapo msuli unafanya kazi ukiwa mrefu. Kisha tandika kitambaa kwenye sakafu ya vigae au saruji laini, weka visigino juu yake, inua nyonga, na uviache viteleze mbele polepole kwa sekunde 4. Shusha nyonga, rudi, anza tena. Mara 6, mizunguko 3. Kinachotakiwa ni kule kuteleza kwenda mbele. Ndiyo ile breki ya mkimbiaji ikifundishwa taratibu.

Zoezi la mwisho ni la kupiga magoti kwenye godoro jembamba au kanga iliyokunjwa, mwenzako ameshika vifundo vyako kwa uzito wake wote. Mwili umenyooka kutoka gotini hadi kichwani, unajiachia kwenda mbele polepole kadiri utakavyoweza, ukishindwa unajidaka kwa mikono. Wiki ya 1 siku moja tu, mizunguko 2 ya mara 5. Wiki ya 2 siku mbili, mizunguko 2 ya mara 6. Wiki ya 3 siku tatu, mizunguko 3 ya mara 6 hadi 8. Wiki ya 4 siku tatu pia, mara 8 hadi 10. Wanaokosea huinama nyongani, makalio yanabaki nyuma, na msuli haupati chochote. Wengine huanza na idadi ya wiki ya 4, wakaamka kesho yake hawawezi kushuka ngazi, na hawarudi tena. Programu zenye zoezi hili zimeonyesha kupunguza majeraha ya msuli huu kwa takriban nusu miongoni mwa wachezaji wanaolifanya kweli. Hakuna soksi yenye rekodi hiyo.

Kabla ya kurudi barabarani jipime. Lala chali, kisigino kimoja juu ya kasha au kiti cha kimo cha sentimeta 60, goti limekunjwa kidogo tu, mguu wa pili hewani. Inua nyonga na ushushe mpaka uchoke. Chini ya mara 20 ni dhaifu, 25 wastani, 30 nzuri. Angalia zaidi tofauti kati ya miguu: ulioumia ukibaki nyuma kwa mara 5 au zaidi, subiri. Wiki 2 za mwanzo baada ya kurudi ndizo zenye hatari kubwa ya kuumia tena. Anza tambarare, nusu ya kasi yako, hatua fupi. Barabara ya Mweka iache kwa mara ya kwanza: kupanda kunaibebesha nyonga mzigo mkubwa, na ukigeuka kushuka hatua zinarefuka zenyewe, mguu unatua mbali mbele, pale pale msuli ulipochanikia.

Hapo ndipo soksi ya kufuma inapostahili zile alama 4. Vaa wakati wa mazoezi, vua ukimaliza, usilale nayo. Ukifika wiki ya pili ya kukimbia, fanya zamu: siku moja nayo, siku moja bila. Siku ya bila soksi ikiuma kwa kasi ileile, punguza kasi na urudi kwenye kitambaa na sakafu kwa siku kadhaa, kisha jaribu upya. Nunua moja tu, ya saizi sahihi, na bandeji mbili za sentimeta 15 uziweke kwenye begi la mazoezi.